Sauti ya Neno na Safari Yake: Mafunzo ya Njia ya Tabora

Katika historia ya njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe na kuishia Ujiji penye ziwa, liko jina moja mashuhuri ambalo si la ukoo, wala la mji, wala la kabila, bali ni mlio mtupu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mzaliwa wa Unguja, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora na akaoa huko binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, alijulikana tangu pwani mpaka Manyema kwa jina la Tippu Tip. Na kisa kinachosimuliwa zaidi ni kwamba watu wa bara, walipozisikia bunduki za watu wake zikilia tip tip, walimwita kwa mlio ule ule uliowatia hofu. Wako wengine wasemao kwamba asili ya jina ni macho yake, kwa kuwa alikuwa na ada ya kupepesa kope. Mwanahistoria atataka kujua ni riwaya ipi iliyo sahihi. Lakini mwenye kupenda kuchunguza lugha ataona kwamba huko kukhitilafiana kwenyewe kuna faida, maana herufi zile zile tatu zimefaa kuwa mlio wa baruti na zimefaa kuwa mwendo wa kope, jambo la sikio na jambo la jicho, wala hapana msikilizaji aliyeona ajabu.

Swali litokanalo na jina hili ni la kale, na wanazuoni wa mataifa mengi wamelishughulikia: je, sauti ya neno ina sehemu yoyote katika maana yake, na katika yale yanayoamka moyoni mwa mwenye kulisikia, au maana ni mapatano tu ya watu, na sauti yoyote ingalifaa mahali pa sauti yoyote?

Mwaka 1916, ambao katika mwezi wake wa Septemba majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora kutoka mikononi mwa Wajerumani, kulichapishwa huko Ulaya kitabu cha mafundisho ya Ferdinand de Saussure, mwalimu wa Geneva aliyekuwa amekwisha kufariki miaka 3 nyuma, kitabu kilichokusanywa kutokana na madaftari ya wanafunzi wake; na katika kitabu hicho ilithibitishwa kanuni ambayo elimu ya lugha imeishikilia tangu hapo, kwamba hapana sababu ya asili inayolifunga neno na kitu chake, ila desturi ya wasemaji. Watu wa misafara walikuwa wakiiona kanuni hiyo kila jioni bila ya kitabu. Kambini aliyetoka Mrima aliomba maji, Mnyamwezi aliomba minzi, Mwarabu aliomba maa. Mtungi ulikuwa mmoja, na kiu ilikuwa moja, wala hapana hata moja katika sauti hizo iliyo na rutuba ya maji kuliko mwenzake.

Walakini zaidi ya miaka 900 kabla ya kitabu hicho, Abul-Fath Ibn Jinni, mwanazuoni wa sarufi aliyezaliwa Mosul na kufariki Baghdad mwaka 1002, alikuwa amekwisha kuuona upande wa pili. Katika kitabu chake kiitwacho al-Khasais alitaja vitenzi viwili vya Kiarabu vinavyotafautiana kwa herufi moja tu: khadhama, ambacho ni kula kitu laini chenye maji, kama tikiti au tango, na qadhama, ambacho ni kula kitu kikavu kinachohitaji nguvu ya meno. Waarabu, kwa maoni yake, waliichagua kh, ambayo ni pumzi inayopita kwa ulaini, iwe ya kilaini, wakaichagua q, ambayo ni pumzi inayozuiliwa na kuachiwa kwa nguvu kooni, iwe ya kigumu.

Wala hatuna haja ya kuazima mfano kwa Waarabu, maana sisi wenyewe tunao wa namna hiyo hiyo. Mtoto asiyeota meno, na mzee ambaye yake yamekwisha kumtoka, humumunya. Mbwa aliyepata mfupa huguguna. Atakaye na alitamke neno mumunya polepole, naye ataona kwamba midomo hufumba na kufumbua, tena hufumba na kufumbua, na kisha ulimi hulala bapa katika ny, ilhali pumzi haikatwi ghafla popote, kwa kuwa yaendelea kupita puani. Yaani kinywa, katika kulitaja tendo, chalitenda. Kisha na atamke guguna: neno laanzia nyuma ya kinywa, g baada ya g, karibu na yaliko magego, ambayo ndiyo hasa yenye kazi ya kuguguna.

Mfano mwingine ni wa wapagazi. Mnyamwezi aliyechukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, begani au kichwani tangu alfajiri, alikuwa na namna mbili za kuuweka chini, na Kiswahili kimempa neno kwa kila namna. Akitua mzigo, sauti ni t nyepesi ya ncha ya ulimi na irabu mbili zinazofuatana pasipo kizuizi, neno likaisha kinywa ki wazi. Akibwaga mzigo, midomo hupasuka katika b, hukusanyika katika w, kisha g hugonga nyuma. Mwenye mali akiambiwa kwamba mizigo imetuliwa, hutulia. Akiambiwa kwamba imebwagwa, huinuka upesi akazitazame kamba, na hasa ikiwa ndani ya mizigo hiyo mna sahani na chupa.

Hapa msomaji mwenye fikra atapinga, na haki anayo: huenda twausikia ulaini wa mumunya kwa sababu tumekwisha kujua maana yake, na lau watu wote wangelikubaliana tangu azali kwamba mbwa humumunya mifupa na vizee huguguna ndizi, leo tungeliandika makala haya kinyume, tukatoa ithibati zile zile. Pingamizi hiyo haiondolewi kwa maneno tunayoyajua. Yataka maneno yasiyo na maana kabisa. Mwaka 1929 mwanasaikolojia wa Kijerumani Wolfgang Köhler alieleza jaribio la namna hiyo: watu huonyeshwa michoro miwili, mmoja wa mviringo ulio laini kama wingu na mwingine wenye pembe na ncha kali, wakaulizwa upi uitwe takete na upi uitwe baluma, na aghalabu jina la takete huupa ule wenye pembe. Jaribio la aina hiyo limerudiwa mara nyingi kwa maneno mengine, hata kwa Wahimba wa Namibia ambao hawakusoma wala hawakuzoea maandishi, nao walichagua vivyo hivyo. Na mwaka 2022 wachunguzi waliotoa matokeo ya lugha 25 za ulimwengu walikuta kwamba watu kadiri ya asilimia 72 walilinganisha sauti na umbo kwa namna moja. Lakini katika lugha hizo 25 zilikuwamo chache, kama Kituruki, Kiromania na Kichina cha Mandarin, ambazo wasemaji wake hawakuonyesha mwelekeo huo waziwazi. Basi hukumu iliyo sawa ni kwamba sikio la binadamu lina maelekeo ya asili, nayo si amri. Kila lugha huyalea maelekeo hayo kwa adabu yake.

Katika lugha za Kibantu maelekeo hayo yamepewa nafasi kubwa kuliko ilivyo katika lugha nyingi za Ulaya, hata mtaalamu Clement Doke wa Johannesburg, alipotengeneza istilahi za lugha hizi mwaka 1935, aliona hapana budi kuyapa maneno ya aina hiyo mlango wake mbali. Wanafunzi wetu huyaita tanakali za sauti. Na tuichukue sentensi kavu kwanza: mpagazi aliteleza, mzigo ukaanguka, mwenyewe akatumbukia mtoni, wenzake wakanyamaza, kisha wakacheka. Habari imetimia, hapana lililosahauliwa. Sasa na tuisikie kama itakavyosimuliwa barazani: mpagazi aliteleza, mzigo ukaanguka matopeni tapwi, mwenyewe akatumbukia mtoni chubwi, wenzake wakanyamaza jii, kisha wakaangua kicheko kwa kwa kwa. Hakimu wa mahakama asingeandika hata neno moja zaidi katika ushahidi wake, kwa maana hapana tukio jipya lililoongezwa. Ila aliyekuwa akipewa habari sasa amefanywa shahidi. Mzigo ungalianguka mchangani, sauti ingalikuwa tifu, na ungalianguka sakafuni, pa, na msikilizaji aujua udongo wa mahali kabla ya kuambiwa.

Maneno haya hayataki kutii sheria ambazo maneno mengine yote huzitii. Neno la Kiswahili hupenda silabi mbili au zaidi, na mkazo juu ya ile iliyo ya pili kutoka mwisho. Pu na pe ni silabi moja tu na hujisimamia. Neno la Kiswahili hupenda kuisha kwa irabu. Na hapa jina la yule mfanyabiashara wa pembe lastahili kutazamwa kwa karibu, maana nusu yake ya kwanza, Tippu, imekwisha kuvikwa irabu kama neno la watu waungwana, ilhali nusu ya pili, Tip, imeachwa kama ilivyotoka katika mtutu wa bunduki. Tena maneno haya hupenda kukariri, na kukariri kwake kuna maana: tone moja ni ndo, matone mengi ni ndo ndo ndo, na maji yakifuatana bila kukatika ni chururu, ambapo ile r yazunguka ulimini kama maji yenyewe. Wazee waliosema kwamba chururu si ndo ndo ndo walifanya methali nzima kwa milio miwili na neno moja la kukanusha, na kila mtu akafahamu kwamba wanazungumza juu ya mali na mapato.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni pale sauti zinapohama katika sikio zikaenda kuhudumia hisi nyingine, kama zilivyohama katika jina la Tippu Tip. Kanzu iliyofuliwa vema ni nyeupe pe, chungu cha jikoni ni cheusi ti, damu ni nyekundu pyu, fundo la kamba limefungwa ndi, mtu amelala fofofo, na usiku wa kiza ni totoro. Weupe hauna mlio, wala kiza hakipigi kelele. Na hata hivyo Mswahili hawezi kuzibadilisha sauti hizo, akasema kanzu ni nyeupe ti, ila watu watamcheka. Yawezekana kwamba ukali wa pe, neno fupi lenye irabu ya mbele na midomo iliyofunguka, una ujamaa fulani na mwangaza unaoyapiga macho. Na yawezekana vile vile kwamba totoro, kwa o zake zinazoikunja midomo, yatukumbusha tundu na shimo. Lakini pyu ya wekundu ni nani aliyeieleza? Baadhi ya ndoa hizi za sauti na maana twaweza kuzitafutia nasaba, na nyingine twazikuta zimekwisha kufungwa.

Fauka ya herufi zenyewe, kuna urefu wa sauti na kupanda na kushuka kwake, mambo ambayo maandishi huyapoteza karibu yote. Msafiri aulizapo njia Uyui au Urambo, na akajibiwa kuwa aendako ni kule, atakaza mwendo kwa furaha; akijibiwa kuleee, sauti ikivutwa na kupanda juu huku kidevu na mkono vikinyooshwa, heri atafute maji ya kuchukua, kwa maana umbali umepimwa mbele yake kwa pumzi ya aliyemjibu. Kiswahili hakina haja ya kuupindua mpango wa sentensi ili kuuliza: msafara umefika ni habari na msafara umefika ni swali, na kinachotenga habari na swali ni mwinuko wa sauti tu. Na mkazo, ambao kwa kawaida hautufundishi kitu kwa kuwa wajulikana ulipo, mara moja moja huamua maana nzima: barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ndiyo njia ipitwayo, na barabara yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa kabisa.

Baada ya kusema haya yote, ni wajibu kutoa tahadhari, maana mwenye kupenda jambo huliona kila mahali. Mtu aweza kukusanya nyata, nyapa, nyemelea, nyamaza, nyenyekea, nyong'onyea na nyororo, akatangaza kwamba ny ni sauti ya upole na ya kwenda kimyakimya. Na orodha ni nzuri, mpaka atakapokutana na nyakua, nyang'anya na nyonga, ambazo hazina upole wowote. Kadhalika jina la rugaruga, askari wa Mirambo wa Urambo waliotikisa biashara ya Tabora katika miaka ya 1870, lilimfanya mwenye pembe ashike bunduki yake. Lakini mtoto wa leo, asiyejua habari zao, huenda akadhani ni jina la mchezo. Hofu haikutoka katika r na g, ilitoka katika vijiji vilivyoungua, kisha ikaingia ndani ya sauti ikakaa humo muda wa umri wa wale walioshuhudia. Basi hisia ya neno ina chemchemi mbili, kinywa na kumbukumbu, na aghalabu maji yake yamekwisha kuchanganyika.

Tabora palikuwa mahali pa kuchanganyika huko kuliko miji mingi ya bara. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani Juni 1857 na kufika hapo, palipoitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba, waliwakuta Waarabu walowezi na waungwana wa pwani wakikaa pamoja na Wanyamwezi wenye nchi. Na kila kundi lilikuja na sikio lake. Kinyamwezi ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa silabi ni sehemu ya neno lenyewe, tena kina irabu saba mahali ambapo Kiswahili kina tano, na kina sauti kama ile ya mh katika mhola, jibu la salamu lenye maana ya salama, ambayo hutoka puani pamoja na pumzi. Kina pia kanuni iliyopata jina la kudumu katika elimu: mmisionari wa Kanisa la Moravian aitwaye Edmund Dahl aliona kwamba silabi mbili zinazofuatana zikianza kwa sauti kavu, kama t na t, Wanyamwezi wameilainisha ya kwanza, na ndiyo maana tatu ya Waswahili kwao ni datu, na mwaka 1903 Carl Meinhof aliiita kanuni hiyo Sheria ya Dahl, ambayo baadaye ilionekana katika lugha nyingine pia, Kikikuyu kikiwa mojawapo. Hapa maana haina neno la kusema. Tatu haikuwa chache wala nyingi kwa kuwa datu. Ni kinywa tu kilichojitafutia raha yake.

Lakini pale lugha hizi mbili zilipokutana katika mdomo wa mtu mmoja, hata raha ya kinywa ikageuka kuwa jambo la moyo. Gh, kh, dh na th, ambazo mtu wa pwani alizipokea pamoja na chuo na msahafu, hazikuwa na mahali katika lugha nyingi za bara, basi khabari ikawa habari, na huko mbele, Kongo, dhahabu ikawa zahabu na dhambi ikawa zambi. Maana ilifika salama kila mahali. Kilichobaki njiani ni ule uzito wa elimu na uungwana ambao sikio la mwambao huusikia katika herufi hizo. Maandishi sanifu ya leo yenyewe yameridhia habari, kwa hiyo lililokuwa kosa la mpagazi limekuwa fasaha ya mhariri wa gazeti. R na l zilipata bahati nyingine, maana Kinyamwezi huzifanya sauti moja, na kwa Mswahili zinatenga maneno. Hapo ndipo watani wa njiani walipojipatia akiba ya mizaha isiyokwisha.

Historia nayo iliutania mji huu kwa namna yake. Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichodai uhuru, walikusanyika Tabora kujadili kama chama kishiriki uchaguzi ambao serikali ya kikoloni iliuwekea sharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na baada ya mabishano makali walikata shauri kushiriki, uamuzi uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Jambo lililobishaniwa lilijulikana kwa jina la kura tatu: neno la kwanza lina ile r ambayo Mnyamwezi huilainisha, na neno la pili lina zile t mbili ambazo lugha yake haizipendi kukaa jirani. Hata hivyo hapana mtu aliyepotewa na maana, na neno uhuru, ambalo irabu zake zote ni u tupu na ambalo laweza kuvutwa na umati uwanjani mpaka pumzi iishe, lilipokewa kwa lafudhi zote bila ya kudaiwa hati. Lafudhi ya mtu hutuambia alikolelewa. Kipimo cha akili yake si hicho, wala kipimo cha uchungu alionao kwa nchi yake.

Kutokana na hayo yatupasa kuyatazama upya mafundisho yetu. Tanakali za sauti katika madarasa mengi zimekuwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na mwanafunzi aweza kuandika kwamba chubwi ni ya majini na tifu ni ya mchangani pasipo kuzitamka hata mara moja kwa sauti ya kusikika. Huyo amejifunza mapatano, hajajifunza lugha. Mwalimu wa Tabora ana neema ambayo mwenzake wa mahali penye lugha moja hana, kwa kuwa mbele yake wamo watoto ambao nyumbani husikia Kinyamwezi na shuleni husikia Kiswahili. Na awaulize jinsi bibi zao wanavyoutaja mlio wa mvua juu ya nyasi, au wa mtama unapotwangwa, au wa mtu anayelia kwa kwikwi, kisha milio hiyo ilinganishwe na ya Kiswahili, ipi inafanana na ipi imeachana, na kwa nini. Kazi hiyo haihitaji kitabu wala fedha, na kwa saa moja itawaonyesha watoto kwamba mapatano yana mipaka, na kwamba upande wa pili wa mipaka hiyo kuna sikio, ambalo nalo linapaswa kufunzwa.